Mto Unaoita

Mto wenyewe haukuwa wa kumtisha mtu. Ulikuwa kijito tu ambacho watu kwa heshima walikiita mto, chembamba kiasi kwamba wakati wa kiangazi mwenye haraka zake alikiruka bila kupandisha nguo. Ulitoka chini ya jabali huko juu vilimani, ukapita nyumba za watu waliokwisha kuhama, ukajikunja nyuma ya nyumba ya mfinyanzi, ukapotelea kwenye matete, kisha ukatokea nyuma ya nyumba ya mshonaji mmoja. Hapo ulitulia kidogo, kama mgeni aliyekaa kuvuta pumzi, halafu ukaendelea zake bondeni.

Mshonaji huyo watu walimwita Sindano. Yeye alidhani ni kwa ajili ya kazi yake. Sisi wengine tulijua ni kwa ajili ya ulimi.

Siku mambo yalipoanza alikuwa barazani na cherehani yake, anapinda sare za shule. Mume wake, mwashi, alikuwa amerudi mapema kwa sababu saruji iliwaishia kazini, naye akashuka mtoni kuosha mwiko na pimamaji. Kutoka barazani hadi majini ni mteremko mfupi. Ukikohoa hapa unasikika pale. Ndiyo maana Sindano alimsikia vizuri mume wake akiitika.

"Naam, dada."

Sindano akasimamisha gurudumu la cherehani.

"Unamwitikia nani huko?"

"Dada," mwashi akajibu, na sauti yake ilikuwa na furaha. "Ananiita. Husikii?"

Sindano alisikia maji yakipita juu ya mawe. Alisikia bata wa jirani wakilalamika. Hakusikia kingine. Lakini hilo neno dada peke yake lilitosha kumharibia siku.

Dada wa mwashi ndiye mfinyanzi wa kule juu, na yeye na Sindano walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Zamani walikuwa wakisalimiana kwa meno ya nje tu. Kisha mama yao mwashi akaugua, akahamia kwa mwanawe, akafia pale, na binti akafika mama amekwisha kufunikwa. Msibani, watu wamejaa, mfinyanzi akasimama mlangoni akasema, "Mama alikuwa mzima alipoingia kwa huyu." Sindano naye hakumeza. Alimjibu kwamba mtu anayempenda mama yake hasubiri mpaka vyungu vikauke ndipo aje kumtazama. Tangu siku ile hawakusemezana tena. Mfinyanzi akamwambia na mdogo wake asikanyage kwake kama anatokea kwa mwanamke yule. Mwashi akabaki katikati, mtu mpole asiyejua kugombana, akimkosa dada yake kimyakimya. Kuna jioni alikuwa akila na kusimama kijiko mkononi, akitazama upande wa juu wa mto.

Kwa hiyo Sindano alipoambiwa dada anaita, alikunja uso akaendelea na kushona. Akadhani mfinyanzi amekuja hadi kwenye matete na hataki kusogea zaidi ya hapo. Uzi ukamkatikia mara mbili.

Kesho yake mwashi hakwenda kazini. Alisema ana jambo dogo mtoni. Keshokutwa vilevile. Mwenye nyumba aliyokuwa akimjengea akaja kulalamika, ukuta umefika dirishani umeachwa kama mdomo usio na meno ya juu, na mwashi akamsikiliza, akaitikia kwa kichwa, halafu mguu wake ukaelekea mtoni hata kabla yule bwana hajamaliza kusema. Ilikuwa daima adhuhuri, jua likiwa utosini, wakati watu wa mashambani wamekaa kivulini na kila kitu kimetulia. Alirudi suruali imelowa. Mwanzoni ililowa kwenye vifundo. Kisha kwenye ugoko. Kisha magotini, ingawa ilikuwa kiangazi na mto ule, mahali pale, haukuwa na kina cha kumfikia mtu magotini.

Sindano alipoliona hilo akaacha kushona, akamfuata.

Alimkuta amesimama katikati ya maji, mgongo kwake, shingo imeinama upande kama mtu anayesikiliza redio ya nyumba ya pili. Bata wa jirani walikuwa wamejipanga ukingoni. Hawakuwa wakilia tena. Walikuwa wakimtazama.

Kisha Sindano naye akasikia.

"Mdogo wangu." Sauti ilitoka chini, pale maji yalipokuwa yakipita juu ya jiwe bapa. "Njoo unipokee. Mzigo umenilemea."

Ilikuwa sauti ya wifi yake, na ule mkwaruzo wake wa mtu aliyekaa miaka na moshi wa kuchomea vyungu. Haikuwa sauti inayofanana. Ilikuwa ndiyo.

"Naam, dada," mwashi akasema kwa upole. "Nakuja."

Akapiga hatua moja. Maji yakampanda.

Sindano aliingia mtoni na viatu vyake. Kwake maji yaliishia kifundoni, pale pale ambapo mume wake alikuwa ameshikwa hadi mapajani. Akamkamata mkanda wa suruali akamvuta kama anayekwamua mkokoteni, na alipomtoa wakaanguka wote ukingoni. Mwili wa mwashi ulikuwa baridi kama sakafu. Alimtazama mkewe kwa macho ya abiria aliyeamshwa kabla ya kituo chake.

"Dada ana mzigo," akasema. "Umemlemea. Utaniachaje nisimpokee?"

Baada ya hapo Sindano hakuhitaji kuambiwa na mtu. Wifi yake alikuwa mchawi, na alikuwa akimvuta mdogo wake mwenyewe ili amkomoe yeye. Alimwingiza mume ndani, akambadilisha nguo, akamvalisha shati la bluu alilomshonea kwa mkono wake mwenyewe, akambembeleza hadi akalala. Kisha akamwita jirani yao, mzee mmoja mfuga bata, mtu asiye na maneno mengi.

"Kesho ukae naye," akamwambia. "Asitoke. Hata akilia, asitoke."

Mfuga bata akatazama chini.

"Wale bata wangu hawaingii tena majini, Fundi. Hata kunywa hawanywi. Nawatekea kisimani." Akashusha sauti. "Na nikiwahesabu jioni, hawapungui. Wanaongezeka."

Asubuhi, jua lilipopanda kidogo, Sindano akafunga kitambaa kichwani, akashika njia ya kufuata mto kwenda juu. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno, lipi litatangulia na lipi litamwangusha yule mwanamke chini. Matete yalikuwa yamekauka, yakimkwaruza mikono. Mto ulikuwa kando yake, mwembamba, ukijipitia bila habari na mtu.

Alimkuta mfinyanzi uani kwake, amepiga magoti, anakanda udongo. Sindano akamwita kwa jeuri kutoka langoni. Mfinyanzi hakuinua kichwa. Akamwita tena. Ni mpaka kivuli chake kilipoangukia ule udongo ndipo mfinyanzi akashtuka, akaruka nyuma, akakamata gongo. Masikioni alikuwa na madonge ya udongo, yamekauka na kupasuka pembeni. Akachomoa moja kwa kucha.

"Leo umekuja na miguu," akasema. "Sauti peke yake haikutosha?"

"Sauti gani? Mimi ndiye niliyekuja kukuuliza sauti. Mwachie mume wangu."

"Wewe." Mfinyanzi alikuwa akihema. "Kila siku adhuhuri unaniita hapo nyuma ya nyumba. Wifi, njoo unipokee. Wifi, mzigo umenilemea. Tangu lini wewe na mimi tukapokeana mizigo?"

Sindano alifungua mdomo, na yale maneno yote aliyoyapanga njiani yakamtoka kichwani.

"Mimi nakaa chini," akasema taratibu. "Wewe unakaa juu. Sauti yangu itapandaje mto?"

Nyuma ya nyumba maji yalikuwa yakitiririka.

"Uliitika?" Sindano akauliza.

"Nikuitikie wewe?" Mfinyanzi akacheka kwa pua. "Hata ningekuwa nakata roho."

"Ndugu yako ameitika."

Gongo likamlegea mkononi.

"Anaitwa kwa sauti yako," Sindano akaendelea. "Na kila akiitwa anaitika. Jana nimemtoa maji yamemfika mapajani, na mto wenyewe hauna kina hicho."

Mfinyanzi alikaa chini pale pale, juu ya udongo aliokuwa akiukanda. Walitazamana kwa muda mrefu kuliko walivyowahi kutazamana tangu msiba. Hakuna aliyelisema, lakini wote wawili walikuwa wamekwisha kuliona. Huyu aliitwa na mtu anayemchukia, akaziba masikio. Yule aliitwa na mtu anayempenda, akaingia majini.

"Sauti yangu ilikujia kutoka wapi?" Sindano akauliza.

Mfinyanzi akanyoosha kidole upande wa vilimani.

"Kule kunakaa nani siku hizi?"

"Hakuna. Walihama. Mfuga nyuki alitangulia, halafu yule bwana na mkewe na wale pacha wao, halafu bibi wa mwisho kabisa." Akafikiri kidogo, na rangi ya uso wake ikabadilika. "Watu wamesema walihama, nami nikasema walihama. Lakini njia ya kutoka kule ni moja, wifi, na inapita hapa langoni kwangu. Sikumwona hata mmoja akipita na mizigo."

Waliondoka pamoja. Msidhani walikuwa wamepatana. Mfinyanzi alimwambia waziwazi kwamba anakwenda kwa ajili ya ndugu yake, na kama Sindano ataanguka huko njiani hatainama kumwokota. Sindano akamwambia hata yeye hatamnyooshea mkono. Mfinyanzi akachukua panga. Walipolipita lango akageuka akasema neno moja zaidi.

"Huko mbele usiniite. Mimi nami sitakuita. Ukisikia wifi, jua si mimi."

Mto ulikuwa ukizidi kuwa mwembamba kadiri walivyopanda, kingo zikizidi kuwa ndefu, mpaka wakawa wanatembea ndani ya mfereji wenye kuta za udongo mwekundu na mizizi inayoning'inia. Mfinyanzi mbele, Sindano nyuma. Hakukuwa na ndege. Hakukuwa na upepo. Sindano alikuwa akiyatazama maji ili asiutazame mgongo wa yule mwanamke, na ndipo alipoona povu. Povu dogo jeupe, kama la sabuni, lilikuwa likielea kando ya mguu wake na kwenda sambamba na yeye. Akapunguza mwendo, likampita. Lilikuwa likielekea juu.

Alitaka kusema. Akakumbuka makubaliano, akafunga mdomo.

"Wifi."

Sauti ya mfinyanzi. Tulivu, karibu sana, ya mtu aliyechoka na safari.

"Wifi, nisubiri."

Mfinyanzi alikuwa mbele yake, panga begani, anatembea bila kugeuka.

Sauti ilikuwa imetoka nyuma.

Sindano hakugeuka. Alikaza macho kwenye visigino vya yule aliyekuwa mbele, visigino vyenye nyufa zilizojaa udongo, akavifuata. Nyuma yake kitu kilikuwa kikikanyaga maji. Wakisimama, kinasimama.

Nyumba ya mwisho, ile ya bibi aliyedaiwa kuhama, ilikuwa imekaa juu ya ukingo, karibu na jabali. Mlango ulikuwa wazi. Ua ulikuwa umefagiliwa, mistari ya ufagio ikionekana, na juu ya mistari hiyo hakukuwa na unyayo. Katikati ya ua kulikuwa na kamba, na kamba ilikuwa imejaa nguo.

Zilikuwa zinachuruzika.

Kulikuwa na koti refu la mfuga nyuki. Kulikuwa na gauni la mwanamke, suruali ya mwanamume, na magauni mawili ya kitoto yanayofanana. Kulikuwa na kitenge cha kizee. Jua lilikuwa kali la kupasua mawe, na ardhi chini ya nguo zile ilikuwa tope. Sindano alizipita moja baada ya nyingine, kwa sababu macho ya mshonaji hayawezi kuacha kutazama mishono. Akafika mwisho wa kamba, akasimama.

Lilikuwa shati la bluu. Akaligeuza kola, ingawa hakuwa na haja. Mshono ulikuwa wake. Hata pale uzi wa bluu ulipomwishia akamalizia kwa mweusi, palikuwapo.

Alikuwa ameliacha asubuhi ile mwilini mwa mume wake.

Mfinyanzi alikuja akalitazama shati, akamtazama yeye, akaelewa. Akaweka kidole mdomoni. Akamvuta kwa mkono wa gauni.

Chini ya jabali ndipo mto ulipoanzia. Palikuwa na tundu, na mbele ya tundu kidimbwi kisichozidi upana wa mkeka. Maji yalikuwa meupe. Mchanga ulionekana chini, na vijiwe, na jani moja. Mtu angesimama pale yakamfika ugokoni, basi. Yalikuwa yakitoka kwenye tundu bila sauti yoyote.

Jua lilikuwa utosini.

"Mke wangu."

Ilikuwa sauti ya mwashi, ile ya usingizini, anapoomba ashikwe mkono.

"Mke wangu, nipokee. Yamenifika kifuani."

Alifungua mdomo. Jina la mume wake lilikuwa tayari ulimini. Kiganja kigumu kikamfunga mdomo kwa nguvu hadi akasikia ladha ya damu, na mfinyanzi akamnong'oneza sikioni.

"Ukiitika nakuua. Tazama maji. Kuna mtu?"

Hakukuwa na mtu. Mchanga. Vijiwe. Jani.

"Mke wangu, mbona unaniacha?"

Machozi yalimtiririka Sindano yakapita juu ya vidole vya wifi yake. Hakuitika. Sauti ikaita tena, na tena, ikizidi kuwa ndogo. Kisha ikanyamaza katikati ya neno, kama mtu anayehamisha mzigo kutoka bega hili kwenda lile.

Ikakohoa.

Kilikuwa kikohozi cha kizee, chepesi, chenye filimbi mwishoni. Sindano alikuwa amekisikia usiku na mchana katika chumba cha pili cha nyumba yake, hadi siku kilipokoma.

"Mwanangu," sauti ikasema. "Mbona ulichelewa?"

Mkono wa mfinyanzi ukamtoka Sindano mdomoni.

Sasa ilikuwa zamu ya Sindano, na aliijua. Aligeuka, akanyoosha kiganja kumziba wifi yake. Mfinyanzi akakishika kiganja kile, akakishusha. Hakukisukuma. Alikishusha polepole, kama mtu anayemwondolea mwenziwe unyasi begani. Kwa miaka yote ile hawakuwa wamegusana hivyo.

"Wifi, usi—"

"Nilimchelewea mara moja," mfinyanzi akasema. Akaweka panga juu ya jiwe. Akayatazama maji. "Abee, mama."

Akaingia.

Hatua ya kwanza, ugokoni. Hatua ya pili, kiunoni. Mchanga ulikuwa bado unaonekana pale pale, vijiwe pale pale, na mfinyanzi alikuwa akishuka ndani yake kama anayeshuka ngazi za nyumba yake. Hakupiga kelele. Hakukuwa na mawimbi. Sindano alijitupa ukingoni, akaukamata mkono uliokuwa umebaki juu, ule mkono mkubwa, mkavu, wenye udongo kwenye mikunjo. Akavuta. Mkono ukamshika na wenyewe, kwa nguvu, kama wa mtu aliyebadili nia.

Kichwa kikapotea. Sindano akaendelea kuvuta.

Mkono ukapoa. Ukawa laini. Ndani ya kiganja chake alihisi mifupa ikisogea na kukaa upya, vidole vikifupika, mpaka akawa ameshika mkono mdogo, mnene, wa mtoto. Ulikuwa bado umemng'ang'ania. Ulikuwa unavuta.

Akauachia.

Jinsi alivyoshuka vilimani hakumbuki. Alijikuta langoni kwa mfinyanzi, halafu kwenye matete, halafu kwake. Mume wake alikuwa amekaa barazani kifua wazi, anakula, macho yake yamerudi kuwa ya mtu. Mfuga bata alikuwa amesimama mbali naye.

"Adhuhuri alianguka," mzee akamweleza Sindano kwa sauti ya chini. "Akatapika maji. Maji mengi mno, Fundi, sikuelewa yalikuwa yamekaa wapi. Baada ya hapo akaamka akasema ana njaa."

"Shati lake liko wapi?"

Mfuga bata akatikisa kichwa.

"Nilikaa hapa mlangoni tangu ulipoondoka. Sikumwona akilivua."

Mwashi akaweka sahani chini. "Mbona uko peke yako?" akamuuliza mkewe. "Dada yuko wapi?"

Wanaume walikwenda kutafuta siku hiyohiyo, na siku zilizofuata. Ua wa bibi walikuta umejaa magugu yaliyofika kiunoni, kamba hamna, mlango umeng'oka zamani. Kidimbwi walikichokoa kwa miti na kukuta mwamba, mwamba mtupu, ugokoni basi. Panga waliliona juu ya jiwe. Lilikuwa limeliwa na kutu hadi limetoboka, kama lililolala majini miaka. Askari wakaja, wakauliza, wakaandika, wakaondoka.

Watu hawakuhitaji askari. Walikuwa na hesabu yao rahisi: wamekwenda wawili wasiopatana, amerudi mmoja. Sare za shule zikapelekwa kwa mshonaji wa bondeni. Wanawake wakimwona Sindano kisimani walishika ndoo zao wakasubiri mbali, na watoto wakafundishwa kuvuka njia. Alijaribu kueleza mara moja. Alipofika pale mkono ulipogeuka, mwanamke mmoja akatema mate chini, akamwambia huo ndio ulimi wake wa siku zote.

Mwashi hakumwambia neno baya. Alimaliza ule ukuta, akarudi kwenye kazi zake. Lakini usiku alilala akimpa mgongo, na mtoni hakushuka tena, wala hakuna aliyeshuka. Matete yameziba njia.

Mvua zilipoanza, mwashi alilalamika mguu wa kushoto unampa baridi. Sindano akakaa kitandani kumkanda, na taa ikiwa karibu akaona alama kwenye kifundo. Ilikuwa ya samawati, kama ya mtu aliyebanwa: kiganja na vidole vitano, vimezunguka mfupa. Ilikuwa ndogo, ya mtoto. Akaigusa, ilikuwa imelowa. Akaifuta kwa kitambaa, kitambaa kikalowa. Akaifuta tena.

Daktari alisema damu haizunguki vizuri mguuni. Akampa vidonge.

Baadaye ikatokea ya pili, juu kidogo ya ile ya kwanza, ya mkono wa pili. Kisha nyingine juu ya hiyo. Zimepangana, kulia, kushoto, kulia, kama za mtu anayepanda kamba, na kila moja ni kubwa kidogo kuliko iliyo chini yake. Sindano anamfunga vitambaa vikavu kila jioni, na kila asubuhi anavikamua nje. Hajamwambia mtu. Hajui hata aombe kitu gani, kwa sababu hajui ni nani anayepanda.

Juzi alama zilikuwa zimefika gotini. Mwashi alikuwa amelala ubavu, uso ukutani, akidhaniwa amesinzia.

"Mke wangu," akasema. "Mguu umekuwa mzito."

Sindano alikaa gizani, mikono mapajani. Hakuitika.